Riwaya hailipi kodi ya nyumba: njia nne za kubaki mwandishi

Makala hii ni ya mtu anayeandika riwaya, hadithi fupi au mashairi kwa Kiswahili, tena anaandika vizuri, na ambaye ameshajua kwamba kazi hiyo haitamlisha mwaka huu wala mwaka ujao. Hataki kuacha. Shida yake ni kwamba kila anayemuuliza ana jibu lake. Mjomba anamwambia atafute ajira, uandishi ataufanya jioni. Rafiki aliyesoma naye chuo anamwambia tafsiri ina hela. Mwalimu wake wa zamani anamwambia aandikie shule, huko ndiko vitabu vinakonunuliwa. Mdogo wake anamwonyesha simu: kuna dada anauza hadithi zake WhatsApp na watu wanamtumia pesa mpaka usiku.

Wote wanne wanasema kweli, ndiyo maana anakwama. Nitazipima njia hizo nne kwa mizani moja. Iliyo bora kuliko zote haimo humu, kwa sababu jibu linategemea una watoto wangapi, unaishi wapi, unaandika nini na mwili wako unachoka saa ngapi.

Kwanza hesabu

Tuseme riwaya yako imechapwa na mchapishaji anayeheshimika na inauzwa Sh 10,000 za Tanzania dukani. Duka linakata chake, tuseme mchapishaji anabaki na Sh 6,500. Mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo, ukiwa asilimia 10 ya hizo, unapata Sh 650 kwa kila nakala. Ili ufikishe Sh 1,000,000, kabla ya kodi, ziuzwe nakala zaidi ya 1,500. Kwa riwaya isiyosomwa shuleni, hayo ni mauzo ya kujivunia, na yanaweza kuchukua miaka. Badilisha tarakimu upendavyo kulingana na mkataba wako. Picha haitabadilika sana.

Hesabu hiyo haisemi kwamba riwaya yako ni mbaya, wala kwamba mchapishaji ni mwizi. Wanunuzi wakubwa wa vitabu kwetu ni shule. Maduka ya vitabu yamejazana katika miji michache, na mtu wa wilayani akitaka riwaya mpya inabidi aagize kwa basi. Kenya nako, sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliviwekea vitabu VAT ya asilimia 16. Mwandishi anayechukua mrabaha mdogo kama hukumu juu ya kipaji chake anajiumiza bure. Kwa kweli hili ndilo linalowaua wengi kabla hata njaa haijafika.

Vigezo

Watu huuliza swali moja tu: ipi inalipa zaidi? Mimi ningeuliza matano. Fedha ni kiasi gani, na inaingia lini? Njia hii inaniachia muda gani, na kichwa cha namna gani jioni? Inaufanya nini mkono wangu, yaani inanifunza kuandika au inanichakaza? Kazi nitakayoizalisha ni mali ya nani? Na la mwisho, naweza kuishi hivi miaka kumi? Riwaya nzuri haziandikwi kwa msimu mmoja, na njia ya kukufikisha Desemba tu bado haijakutosha.

Njia ya kwanza: ajira isiyohusiana na kalamu

Shaaban Robert aliingia kazi ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana, akadumu huko hadi 1944. Baada ya hapo alihamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya jimbo Tanga, kisha ofisi ya upimaji. Karibu maisha yake yote ya utu uzima alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na ndani ya maisha hayo hayo akaandika mashairi, insha na riwaya zinazosomwa hadi leo. Elvis Musiba, aliyewapa wasomaji jasusi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Njia hii ina wazee wake.

*Fedha.* Ndogo au kubwa, inaingia kila mwisho wa mwezi. Kuna bima ya afya, na benki inakukopesha. Faida nyingine haisemwi sana: mwenye mshahara anaweza kukataa mkataba mbaya. Anayesubiri malipo ya awali ili alipe ada ya mtoto atatia saini chochote atakachowekewa mezani.

*Muda na kichwa.* Hapa ndipo njia hii inapouma. Anayeishi Chanika, pembeni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta katikati ya jiji anaweza kumaliza saa tatu au nne za siku njiani. Akifika nyumbani kuna watoto, kuna msiba wa jirani, kuna kikao cha harusi. Wengi waliofanikiwa hapa hawaandiki jioni. Wanaandika kabla ya adhana ya alfajiri, au Jumamosi mpaka adhuhuri, na familia inajua kwamba saa hizo hazigusiki. Wapo wanaoandika kwenye simu ndani ya mwendokasi, aya moja kwenda, aya moja kurudi, na Jumapili wanazihamishia kwenye kompyuta. Inawezekana. Ila hatari hutokea cheo kinapopanda: ukishakuwa meneja, simu za ofisi zinakufuata mpaka kitandani.

*Mkono.* Ofisi haikuharibii lugha kwa sababu haikutumii lugha. Tena inakupa watu. Mesenja, mteja anayelia kwenye kaunta, bosi anayepiga simu za siri koridoni: hayo hakuna warsha ya uandishi itakayokupa. Unachokosa ni wenzako wa kalamu. Hakuna wa kukusomea mswada na kukwambia sura ya nne imelala.

*Haki.* Zote zako.

*Miaka kumi?* Ndiyo, kuliko njia nyingine yoyote. Adui ni kuahirisha: kwa kuwa hakuna anayekudai kitabu, hata wewe unaacha kujidai.

Inamfaa mwenye wategemezi wengi, mwenye nidhamu ya saa, na anayeandika kazi ya polepole isiyotaka kuharakishwa.

Njia ya pili: kazi nyingine za kalamu

Humu naweka uandishi wa habari, tafsiri, uhariri na miswada ya tamthilia za televisheni. Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa, alianza kama mkaguzi wa afya Zanzibar, akaingia kwenye uhariri wa gazeti, na baadaye akawa mhariri wa jarida la kilimo, *Mkulima*. Ken Walibora alisoma habari kwenye televisheni na kufundisha chuo kikuu huku riwaya zake zikitoka. Mohammed Ghassani, mshindi wa upande wa ushairi wa tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015, ni mwanahabari wa Deutsche Welle kule Bonn. Kwa hiyo anayesema kazi hizi lazima ziue utunzi hasemi kweli. Lakini zina bei yake.

*Fedha.* Inaweza kuwa nzuri, na inaweza kukauka ghafla. Tafsiri hulipwa kwa neno au kwa ukurasa, na kazi ipo. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na hapo hapo ukazaliwa mlima wa sheria za kutafsiriwa. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mashirika ya afya, benki na kampuni za simu yanataka maandishi yao kwa Kiswahili kila siku. Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba wateja wengi sasa wanaipa mashine kazi kwanza, kisha wanakutumia wewe "upitie tu" kwa malipo yaliyopunguzwa, na kupitia tafsiri mbovu mara nyingi kunachukua muda ule ule wa kutafsiri upya. Magazeti nayo yanawalipa waandishi wa nje kwa habari iliyotoka, si kwa habari iliyoandikwa. Televisheni hulipa kwa sehemu, na tamthilia inayorushwa siku kadhaa kwa wiki inahitaji sehemu nyingi. Ukiwa ndani ya timu ya Azam TV au Maisha Magic Bongo mambo si mabaya. Msimu ukiisha, mshahara umeisha.

*Muda na kichwa.* Muda upo, kwa sababu unafanyia kazi nyumbani. Kichwa ndicho kinachokosekana. Baada ya saa nane za kutafuta maneno kwa ajili ya mtu mwingine, unafungua mswada wako na maneno hayaji. Wenye ajira za ofisini hulalamikia saa. Wenye njia hii hulalamikia uchovu unaokaa mahali pale pale ambapo utunzi unatoka. Dawa pekee ninayoiamini ni kuandika cha kwako kwanza, asubuhi, hata kama ni nusu ukurasa, kabla hujafungua barua pepe ya mteja.

*Mkono.* Nataka kukaa kidogo hapa. Chukua fomu ya ridhaa ya utafiti wa afya, kazi ambayo kila mfasiri wa Kiswahili ameshakutana nayo. Kuna sentensi inayosema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote na hatanyimwa matibabu. Toleo la kwanza la mfasiri mchanga huwa hivi: "Ushiriki wako ni wa hiari na kujitoa kwako hakutaathiri upatikanaji wa huduma stahiki." Mama aliyebeba mtoto mwenye homa kwenye benchi la zahanati hawezi kuishika sentensi hiyo. Mfasiri mzuri ataandika: "Hulazimishwi. Ukitaka kuacha, acha siku yoyote, na mtoto wako ataendelea kutibiwa kama kawaida." Mwandishi wa riwaya aliyefanya kazi hiyo mara nyingi anajifunza kuheshimu sikio la msomaji. Televisheni vilevile: hakuna shule ya mazungumzo inayoizidi ile ya kumsikia mwigizaji akijikwaa kwenye mstari ulioandika jana.

Uharibifu nao upo. Ripoti za miradi zina Kiswahili chao, cha "katika kuhakikisha kwamba" na "kwa lengo la kuwajengea uwezo", na kinaambukiza. Siku moja mhusika wako, mvuvi wa Kilwa, anafungua mdomo na kuzungumza kama mratibu wa semina. Ukiona hivyo, pumzika, soma mashairi ya zamani, kaa kijiweni usikilize watu. Nasema hili kwa uzito: lugha ndiyo jembe lako, na njia hii inalikodisha kila siku.

*Haki.* Hapa soma kwa makini. Tafsiri na habari kwa kawaida huwa za mteja, na hakuna ubaya. Ila mikataba ya televisheni inaweza kuwa na kifungu kinachosema unakabidhi "haki zote za kazi hii na wahusika wake, kwa muundo wowote uliopo na utakaobuniwa". Maana yake ni kwamba ukimtoa mhusika wa riwaya yako ambayo haijachapwa na kumwingiza kwenye tamthilia, huenda usiruhusiwe kumwandika tena. Wabunie wahusika wapya. Wa riwaya wabaki nyumbani.

*Miaka kumi?* Ndiyo, ukiwa na wateja watatu au zaidi wasiotegemeana, na ukiwa na tabia ya kuweka akiba mwezi mzuri unapopita.

Inamfaa anayeandika kwa kasi, asiyechukia kusahihishwa, anayejua lugha mbili barabara, na ambaye hana wengi wanaomtegemea kila tarehe 30. Tanzania, anayetaka kuingia kwenye tafsiri aanzie Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), kwa sababu taasisi nyingi hutaka kazi iliyopitia huko.

Ualimu umekaa mpakani mwa njia hizi mbili, nao ndio uliobeba fasihi yetu kuliko kazi nyingine yoyote. Euphrase Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana. Said Ahmed Mohamed alifundisha Japani na Ujerumani. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja anayeandika kwa Kiingereza, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 na akaendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu 2017, miaka minne kabla ya Nobel. Likizo ndefu ni hazina kwa mtunzi. Mitihani ya kusahihisha ndiyo inayoila hazina hiyo, na mwalimu wa sekondari mwenye madarasa manne ya wanafunzi sitini sitini anajua ninachokisema.

Njia ya tatu: shule na tuzo

Naziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinakuruhusu uendelee kutunga, ila kwa kupita mbele ya jopo.

*Fedha.* Kubwa, ya kubahatisha, na ya kuchelewa. Kitabu kikichaguliwa kuwa kitabu teule cha Fasihi nchini Kenya, kila mtahiniwa anakihitaji kwa miaka kadhaa mfululizo, na hapo ndipo mrabaha unapogeuka kuwa nyumba. Wanaofika huko ni wachache mno, na hata wao wanaliwa na nakala bandia zinazouzwa barabarani kwa nusu bei. Tanzania, vitabu vya kiada siku hizi vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania yenyewe, kwa hiyo mlango uliobaki kwa mwandishi wa nje ni vitabu vya ziada na vya fasihi, na vinahitaji ithibati. Upande wa tuzo hali imekuwa bora kuliko zamani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza alipewa Sh milioni 10. Tuzo ya Safal-Cornell, ambayo zamani iliitwa Mabati-Cornell, ilianza na zawadi za jumla ya dola 15,000. Kenya ina Tuzo ya Jomo Kenyatta, inayotolewa kila baada ya miaka miwili kwa vitabu vilivyokwisha kuchapwa, na Kiswahili kina nafasi yake humo.

Milioni kumi ni fedha ya kuishi mwaka mmoja kwa uangalifu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanga kodi ya nyumba juu yake.

*Muda na kichwa.* Njia hii haikupi muda, kwa sababu haikupi chochote mpaka mwisho. Inahitaji njia nyingine iibebe. Faida yake ni tarehe ya mwisho. Kwa mtu anayeahirisha, tarehe ya kufunga dirisha la kupokea miswada imemaliza vitabu vingi kuliko msukumo wa moyo.

*Mkono.* Vitabu vya watoto vinafundisha kubana, na kubana ni nusu ya ufundi. Lakini shule ina mipaka. Mapenzi, siasa ya leo, lugha ya mtaani: vyote hupimwa na watu wanaomfikiria mzazi mkali kuliko wote. Kezilahabi yalimkuta: riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye shule hizo hizo zikaja kuisomesha. Ukianza kuandika huku jopo limekaa begani, riwaya inakuwa na adabu na haina damu. Ushauri wangu ni kutenganisha. Kitabu cha watoto kiandikwe kwa ajili ya shule tangu sentensi ya kwanza. Riwaya yako ya moyoni iandikwe bila jopo, na ikikamilika ndipo uitafutie pa kuipeleka.

*Haki.* Mchapishaji atachukua haki ya kuchapa kwa muda fulani. Muulize maswali haya kabla ya saini: mkataba unaisha lini, taarifa ya mauzo nitaipata mara ngapi kwa mwaka, kitabu kikiisha sokoni haki zinanirudia baada ya muda gani? Mchapishaji mwaminifu hachukizwi na maswali hayo. Kwa tuzo, soma kama mwandaaji anachukua haki ya kuchapa na kusambaza kazi ya mshindi, na kwa masharti gani.

*Miaka kumi?* Peke yake, hapana. Ikiegemea mshahara au tafsiri, ndiyo, na kwa raha.

Inamfaa mwalimu anayewajua wanafunzi, mwandishi wa watoto, na yeyote anayehitaji tarehe ya mwisho ili amalize.

Njia ya nne: kuuza mwenyewe

Mambo haya yalikuwepo kabla ya simu. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari na wa riwaya za kusisimua, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Erick Shigongo alijenga wasomaji wake kwa hadithi za mfululizo kwenye magazeti. WhatsApp na Facebook zimeuondoa mtambo wa kuchapa tu. Mbinu ni ile ile. Unatoa sehemu za mwanzo bure, kila moja inakatika pale pale mlango unapogongwa, unaandika ITAENDELEA, na kwenye maoni watu wanakuita admin na kukudai sehemu ya 12. Anayetaka kufika mwisho anatuma pesa kwa simu na kuingizwa kwenye grupu.

*Fedha.* Linganisha. Wasomaji 200 wakilipa Sh 2,000 kila mmoja, una Sh 400,000 kabla ya makato na bando. Mrabaha wa nakala 200, kwa hesabu yetu ya juu, ni Sh 130,000, nao utaupata mwakani. Pia pesa inaingia leo, na kwa mwandishi aliyesubiri taarifa ya mauzo miezi mingi, leo ni neno kubwa. Ukichapa kitabu cha karatasi mwenyewe hesabu ni nyingine: nakala 300 kwa Sh 5,000 ni Sh 1,500,000 inayotoka mfukoni kwako kabla hujauza hata moja. Kwa bei ya Sh 10,000, nakala 150 za kwanza zinakurudishia mtaji tu, na faida inaanza na ya 151. Wanaofanikiwa huchukua oda na malipo kwanza, ndipo wanapokwenda kiwandani.

*Muda na kichwa.* Utakuwa mwandishi, mhariri, muuza duka na mpokea simu. Msomaji aliyelipa saa nne usiku anataka sehemu yake saa nne usiku. Nusu ya siku inaondoka kwenye kujibu, kukumbusha na kuondoa watu wasiolipa.

*Mkono.* Hakuna njia inayokufundisha haraka zaidi pale msomaji anapochoka. Idadi ya wanaofungua inakuonyesha siku hiyo hiyo. Wanaodharau hadithi za simu wanakosea, kwa sababu humo kuna watu wanaojua kusimulia kuliko wengi wenye vyeti. Tatizo ni kwamba mfululizo unataka tukio kila baada ya aya chache, na haukupi nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha sura ya pili baada ya kugundua, ukiwa sura ya ishirini, kwamba mhusika alipaswa kuwa mtu mwingine. Na hakuna mhariri. Tafuta mmoja, hata kwa kubadilishana kazi na mwenzako. Hata kikundi cha waandishi kama UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya Tanzania, kina thamani hiyo: unapata watu wa kukwambia ukweli.

*Haki.* Zote zako kwenye karatasi, na ni rahisi kuibiwa mtandaoni. Mtu mmoja analipa, anapiga picha za skrini, na asubuhi hadithi nzima iko kwenye grupu la jirani ikiwa na jina la mwingine. Isajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA ukiwa Tanzania au KECOBO ukiwa Kenya, kabla ya kuanza kuirusha, na weka jina lako ndani ya kila sehemu, katikati ya maandishi. Haitazuia wizi wote. Itakupa pa kusimama siku ya kudai.

*Miaka kumi?* Inategemea afya yako na hamu ya watu. Ukipumzika mwezi, wasomaji wanahamia kwingine.

Inamfaa mwandishi wa mapenzi, upelelezi na visa vya kusisimua, anayezalisha haraka na kupenda kuongea na watu. Mshairi, au mwandishi wa riwaya nzito inayokwenda taratibu, atateseka huku, ingawa anaweza kuuza diwani yake vizuri kwenye hafla na makongamano.

Kwa hali yako

Kama una watoto shuleni na huna akiba ya miezi mitatu, baki kwenye ajira au itafute, halafu pigania saa moja tu kwa siku. Mweleze mwenzi wako saa hiyo ni ipi na kwa nini. Saa ya siri haidumu. Usiongeze vibarua vya tafsiri juu ya ajira kwa matumaini kwamba vitakukaribisha kwenye fasihi. Vitaichukua saa hiyo hiyo.

Kama ni kijana, huna anayekutegemea na lugha mbili unazimudu, njia ya pili itakulipa na kukunoa. Jiwekee kikomo mapema: kwa mfano, kazi za wateja siku nne, mswada siku moja kamili. Bila kikomo hicho utajikuta una miaka 40, mfasiri mzuri mwenye riwaya ya sura tatu.

Mwalimu, anza na kitabu cha watoto au hadithi fupi za ziada likizo hii, na mswada mkubwa uuelekeze kwenye tuzo. Tayari unajua wasomaji wako wanacheka wapi.

Wewe ambaye una wasomaji mtandaoni lakini umechoka, usiache, punguza. Hadithi moja ya mfululizo kwa mwaka ikulishe, na nyingine iandikwe kimya, bila kurushwa, ipite kwa mhariri na ichapwe kitabu.

Ukiwa nje, Muscat, London au Minneapolis, mshahara wako unaweza kugharimia uchapaji wa nakala 300 Dar es Salaam au Mombasa bila kukuumiza. Unachopungukiwa ni msambazaji. Tafuta mtu wa kulipwa kwa kila nakala anayouza, si ndugu wa kukusaidia kwa hisani.

Na kama mswada umekamilika uko mezani na unabishana na nafsi yako uuanzie wapi, utaratibu una maana. Tuzo nyingi za miswada hutaka kazi ambayo haijachapwa, na wachapishaji wengi husita kuchukua hadithi iliyokwisha kuzunguka kwenye simu. Anza na tuzo, soma masharti ya mwaka huo. Ikikosa, peleka kwa mchapishaji na umpe muda wa kujibu ulioandika kwenye barua yako mwenyewe. Ikikosa tena, uza mwenyewe, ukiwa umeshajaribu milango miwili. Ukianza kwa kuimwaga yote WhatsApp, milango miwili ya kwanza inaweza kufungwa kabla hujaigonga. Na wakati mswada huo unazunguka, fungua faili jipya uanze mwingine.